Jani Lililolipiwa Kodi

Shemeji yangu aliuza mirungi mchana kweupe na kutoa risiti. Jambo hilo lilinitia wasiwasi kuliko baridi, maana baridi nilikuwa nimeshaonywa.

Kwetu Tanga mirungi ilikuwa habari ya kunong'onezana. Ilisafiri chini ya magunia ya viazi, na watu walioitafuna walinyamaza ukiingia. Kumbe Toronto, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ilikaa mezani mbele ya duka, kati ya kadi za simu na pakiti za tende, imefungwa majani ya migomba na kunyunyiziwa maji isikauke. Duka lenyewe lilikuwa Rexdale, kwenye safu ya maduka inayotazama uwanja wa kuegesha magari, limebanwa kati ya saluni na mahali pa kufulia nguo. Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa mtu wa Mombasa, na kila nilipotaja mirungi alinisahihisha.

"Miraa, shemeji. Ukisema mirungi unaifanya kama kitu cha wizi."

"Na serikali inajua kwamba unauza?"

"Inajua, na inakula pamoja nami."

Akanionyesha karatasi ya forodha yenye mhuri. Mzigo ulishuka uwanja wa ndege kutoka Nairobi kwa kupitia London, ukapita forodhani kama yanavyopita maua na maharagwe mabichi, na jioni ile ile wanaume walijaa dukani. Wengi walikuwa Wasomali, na Wakenya kiasi. Walinunua miraa, wakachukua na mchele, mafuta, unga wa mahindi na pakiti za ubani wa kutafunia. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba chenye zulia na mito, na hapo walikaa wakatafuna na kujadili siasa za nchi walizozikimbia.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi kwenye kiwanda cha kupakia vyakula vya abiria wa ndege, karibu na uwanja wa ndege. Jumamosi nilimsaidia dada dukani. Niliipima miraa kwa macho, nikapokea malipo, nikakata risiti, na muda wote nilikuwa nikitazama mlango. Sikuamini kwamba kitu kinachomnyima mtu usingizi, kikamfanya aseme kama redio, kinaweza kuuzwa hivyo bila siku moja mtu mwenye kofia kuja kutuuliza tulikuwa tukidhani tunafanya nini.

Mahesabu ya duka yalishikwa na mzee mmoja wa Kigoa aliyekuwa karani wa ofisi ya kodi Nairobi kabla ya kuhamia Kanada na kustaafu. Alivaa tai ndani ya sweta hata siku za joto. Alizungumza Kiswahili cha Nairobi ya zamani, cha adabu, na kila alipomaliza kazi alikunywa chai moja ya maziwa, akamshukuru dada, akaondoka. Shemeji alimpenda kwa sababu mzee hakuficha kitu. Kila kilichoingia kiliandikwa, na kila kilichodaiwa na serikali kililipwa.

"Wenzangu wananicheka," shemeji alimwambia siku moja mbele yangu. "Wanasema nalipa kama mjinga. Lakini Waswahili walisema mkono mtupu haulambwi. Wangu una kitu. Serikali ikishazoea kuulamba, haitaukata."

Mzee akakoroga chai yake. "Bwana, anayeulamba mkono wako ameshaijua ladha yake. Zaidi ya hapo mimi sisemi."

Shemeji alicheka. Mimi nilikaa na maneno yale siku nyingi.

*

Sasa nimtaje kaka yetu, maana habari hii ni yake kuliko ya mtu mwingine.

Alikuwa mkubwa wetu, tumbo moja, mwalimu wa uchoraji wa kiufundi kwenye shule ya sekondari kabla ya kuondoka. Baba alipofariki yeye ndiye aliyesimama mahali pake, na ndiye aliyemwozesha dada kwa huyu shemeji. Toronto alipata kazi kwenye kiwanda cha plastiki, akaishi nasi ghorofa ya saba, kwenye chumba kimoja na mtoto wa kiume wa dada. Watoto wa dada walimwita mjomba, wakamjibu kwa Kiingereza, naye akawajibu kwa Kiswahili, na maisha yakaenda.

Alianza kutafuna Jumamosi tu, kwa ajili ya mazungumzo. Baadaye akaongeza Alhamisi, siku ya mzigo. Kisha kukawa na siku ambazo hakulala kabisa, akaingia kiwandani macho yamemtoka, na siku nyingine alizolala mchana kutwa akasema ana homa. Sikumuuliza. Mtu humwulizaje kaka mkubwa?

Siku moja simu ya nyumbani ililia nikiwa peke yangu na dada. Ilikuwa kutoka kiwandani. Mtu aliuliza kwa upole kama kaka angeweza kwenda kuchukua viatu vyake vya kazi, kwa sababu kabati lake alikuwa ameshapewa mfanyakazi mwingine. Dada aliweka simu chini. Asubuhi ile kaka alikuwa ametoka na kikopo chake cha chakula kama kawaida.

Hatukuhitaji kumtafuta. Tulikwenda dukani, tukapita hadi chumba cha nyuma, tukamkuta ameegemea mto, kikopo cha chakula kando yake hakijafunguliwa.

"Shikamoo kaka," dada akasema.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Tumepita tu."

Tukatoka. Nje, kwenye baridi, dada alimsubiri mumewe afunge droo ya fedha, akamvuta kando.

"Ulijua kwamba amefukuzwa kazi?"

"Nilijua."

"Na unaendelea kumuuzia?"

"Mama watoto, yule ndiye aliyenipa mke. Nimnyime kwa mdomo upi? Nikimnyima atakwenda kununua makapi kwingine. Hapa angalau yuko mbele ya macho yangu."

Nilimtazama shemeji, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama huruma ile ilikuwa ya kweli au ilikuwa ya duka. Yeye mwenyewe hakuwahi kutafuna hata kijiti kimoja. Alisema kinamuumiza tumbo.

*

Haukupita mwaka, uvumi ukaanza kwamba sheria itabadilishwa na miraa itapigwa marufuku pamoja na dawa nyingine. Kila mtu alikuwa na toleo lake. Wengine walisema ni Wamarekani wanaosukuma. Wengine walisema ni kina mama wa Kisomali wamechoka kuona mishahara ikiishia vijitini, wakaandika malalamiko. Shemeji alisema ni maneno ya watu wasiolipa kodi.

Ikaitishwa mikutano, na mmoja ulikuwa karibu nasi, Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa mtaa. Kulikuwa na kahawa, biskuti, wakalimani wawili, na bibi mmoja kutoka serikalini aliyetabasamu kila mtu alipofungua mdomo. Tabasamu lile sikulipenda. Nilihisi kwamba jambo limeshakatwa kwingine na sisi tumeitwa ili baadaye isemwe tuliulizwa. Kaka hakuja. Alibaki kulinda duka.

Shemeji alikuwa amevaa suti. Alisimama, akasema kwa Kiingereza kizuri, polepole, na mkalimani wetu akatafsiri kwa ajili ya wazee.

"Mimi ni mfanyabiashara. Ninachokiingiza kinapita forodhani, na ninachokipata nakilipia kodi. Kama mnaona jani hili lina madhara, niongezeeni kodi. Kisha chukueni fedha hizo mfungulie kina mama madarasa ya Kiingereza na vijana uwanja wa mpira. Mkilipiga marufuku, jani halitaondoka. Kitakachoondoka ni kodi."

Wanaume walipiga makofi kwa nguvu. Bibi wa serikali aliinama akaandika. Mimi mwenyewe nilikaribia kupiga makofi, kwa sababu yale maneno yalikuwa na akili. Ndipo nikaona kiti cha kando yangu kiko wazi na dada amesimama.

Alizungumza Kiswahili, na hakumtazama mumewe.

"Mimi ni mke wa huyo aliyekaa sasa hivi. Chakula changu na cha wanangu kinatoka kwenye hilo jani, kwa hiyo msidhani nalisema vibaya kwa sababu sijui faida yake. Habari ya madarasa nimeisikia, na ya uwanja nimeisikia. Ni nzuri. Lakini mimi nina ndugu yangu mkubwa anayemalizika, na siwezi kumkanya, kwetu mdogo hamkanyi mkubwa. Mume wangu naye hawezi, kwa sababu anamuuzia. Waliobaki ni nyinyi. Sasa mkilitoza kodi zaidi, mkaizoea, mtakuwa kama mume wangu. Hamtaweza kumkanya mtu mnayekula kutokana naye."

Mkalimani alisita. Alitazama upande wa shemeji kama anayeomba ruhusa, na bibi wa serikali akamwomba aendelee. Kina mama kadhaa wa Kisomali waligeuka kumtazama dada, na mmoja akamshika mkono alipokaa.

Nyumbani shemeji alivua koti, akalitundika vizuri, akauliza, "Nani alikufundisha maneno yale?"

"Hakuna."

"Si maneno ya mwanamke wa dukani. Kuna mtu amekupanga."

Kuanzia siku ile tuliishi kwa kuviziana. Shemeji alinishuku mimi kwanza, akaacha kuzungumza nikiingia. Kisha akamshuku mzee wa Kigoa, kwa sababu ya ile habari ya kulamba mkono, iliyofanana mno na alichokisema dada. Alimpigia simu akamwambia asije tena, mahesabu atayafanya mwenyewe. Mimi nami nilimshuku kila mteja aliyecheka, nikidhani anamcheka shemeji. Kaka peke yake hakuonyesha kitu. Niliamini hajasikia.

*

Miaka ikapita, sheria ikaja. Shemeji hakuwa mtu wa kuvunja sheria, hilo namshuhudia. Aliuza mzigo wake wa mwisho, akaosha meza, akapanga juu yake makopo ya nyanya.

Nilichokiona baada ya hapo kilikuwa kama alivyosema ukumbini, na sikufurahi kumwona amepatia. Miraa haikuondoka. Ilihamia kwenye buti za magari, mwishoni mwa uwanja ule ule wa kuegesha. Iliuzwa mara kadhaa ya bei ya zamani, imekauka, bila majani ya migomba, na waliouza hawakuwa watu wa risiti. Shemeji aliwaona kupitia kioo cha duka lake. Wengine walikuwa wateja wake wa jana. Walimpungia mkono.

Na mchele ukaacha kutoka. Miaka yote tulidhani watu wanakuja kununua mchele na kuchukua miraa juu yake. Kumbe ilikuwa kinyume. Chumba cha nyuma kilibaki na mito yake. Mizigo iliyotoka Mombasa sasa ilifunguliwa forodhani mmoja mmoja, hata dagaa, na kuna sanduku la dagaa lililokaa huko mpaka likatangaza habari zake lenyewe. Shemeji alikwenda kulichukua akarudi amelowa jasho kwenye theluji. Alikuwa ameulizwa maswali ambayo miaka yote ya kulipa hakuwahi kuulizwa.

Kaka alilala. Majuma ya kwanza alikuwa mkali, akagombana hata na kelele za jokofu. Alinunua kwenye buti za magari mpaka akaishiwa, akatulia. Akaanza kula. Akaanza kutafuta kazi, akapata ya muda, ya kusafisha karakana ya mabasi. Dada alimtazama akila kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa jikoni.

"Unaona?" aliniambia. "Wamemkanya."

Nilisema naona. Lakini sikuwa na hakika.

Wakati huo ndipo alipoanza kuja mtu mmoja wa koti la kahawia. Mzungu, wa makamo, ndevu zimepunguzwa vizuri. Hakununua kitu. Alitazama dari, akatazama sakafu, akauliza chumba cha nyuma kina ukubwa gani. Siku nyingine aliuliza kodi ya pango ni kiasi gani na kama mwenye jengo ni mtu mgumu. Siku nyingine alimuuliza shemeji, kwa sauti ya chini, kama ni kweli zamani alikuwa akiuza lile jani la kutafuna.

"Zamani," shemeji akasema. "Likiwa halali."

Mtu yule akatikisa kichwa, akaondoka.

"Polisi," akasema kaka, aliyekuwa akitusaidia kupanga makopo. "Wanaangalia kama bado unauza."

Tukakubaliana kwamba ni polisi. Dada akatoa mito yote chumba cha nyuma akaipeleka nyumbani. Shemeji aliamini kwamba kuna mtu amemchongea, na nilijua anamfikiria nani, kwa sababu alimtaja mzee wa Kigoa usingizini, dada aliniambia.

Mtu yule aliporudi mara ya nne alikuwa na funguo mkononi. Alikuwa amepanga chumba cha saluni, jirani yetu, iliyokuwa imefungwa. Alitaka kujitambulisha vizuri kama jirani. Angeuza nguo zilizofumwa kwa nyuzi za mmea wa bangi, ile aina isiyolevya ambayo wakulima walikuwa wameanza kuruhusiwa kuilima, pamoja na mafuta ya mbegu zake, sabuni na viko vya kioo. Alituonyesha shati. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia karibu na mashamba ya mkonge. Nililigusa nikaona ni gunia lililokwenda shule.

"Viko ni vya nini?" shemeji aliuliza.

"Ni vya mapambo," akasema, halafu akacheka. "Kwa sasa. Miaka michache tu, bangi nayo itaruhusiwa. Nataka siku hiyo inikute mlangoni. Je, unamjua mtu mwaminifu wa mahesabu?"

Shemeji alimjua mmoja tu.

*

Mzee wa Kigoa alikuja na tai yake. Hakuuliza kwa nini aliachishwa wala kwa nini ameitwa. Tulikaa wanne na yule jirani kwenye chumba cha nyuma, juu ya viti vya plastiki, na dada akaleta chai.

Jirani alikuwa na maneno mengi na moyo mzuri, nafikiri. Alisema serikali inapoteza fedha nyingi kuwafukuza vijana wenye bangi, na inapoteza nyingine zaidi kwa kutotoza kodi. Ikiruhusu, kutakuwa na mashamba, maduka, ajira, na kodi hiyo italipia hospitali. Majira yale hospitali kadhaa za mjini zilikuwa zikizungumzwa kufungwa au kuunganishwa, na kila mtu kwenye basi alikuwa na hasira nazo.

"Nani alikwambia wataipeleka hospitali?" shemeji akauliza.

"Si jambo la akili? Watu wataridhika ikienda huko."

Shemeji akamgeukia mzee. "Mzee wangu, ile yangu ya miaka yote ile ilikwenda wapi?"

Mzee alitazama kikombe chake. "Kodi haina jina, bwana. Hii sukari iliyomo kwenye chai yangu, nionyeshe iko upande gani. Imeingia, imeyeyuka. Labda ilitengeneza barabara. Labda ililipa yule mtu aliyefungua dagaa zako."

Shemeji alicheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ya ukumbini. Kisha akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Mzee, nilikudhania vibaya."

"Nilijua. Lakini mimi sikumfundisha mkeo neno. Sina akili ile."

Dada alikuwa bado amesimama na birika. Alimuuliza jirani kwa Kiingereza chake cha mkato, "Wewe unavuta?"

"Mimi? Hapana, mama. Kifua hakitaki."

"Mume wangu naye tumbo lilikuwa halitaki," dada akasema, akammiminia chai.

Hakuelewa. Sisi tulielewa.

*

Kaka nilimwona mimi kwanza. Nilikuwa kwenye basi la Islington narudi kutoka kazini, naye akapanda vituo viwili kabla ya kwetu, ameshika mfuko mwembamba wa karatasi ya kahawia, ule wanaoutoa kwenye duka la pombe la serikali. Mtu yeyote aliyeishi mkoa ule anaujua. Alikaa mbele bila kuniona. Aliuweka mfuko magotini kwa uangalifu, kama kitu chenye moto.

Sikumwambia dada. Nilianza kuhesabu pumzi zake sebuleni, nikanusa vikombe. Tulikuwa nyumba ya kuswali, na pombe haikuwahi kuvuka kizingiti cha baba yetu. Kama mirungi ilikuwa ya kunong'onezwa, hii haikuwa na hata mnong'ono.

Lakini kaka hakujificha muda mrefu. Alasiri moja aliingia dukani na mfuko wake mkononi, waziwazi, akauweka juu ya meza iliyokuwa ya miraa, kati ya makopo. Hakukuwa na mteja. Dada alikuwa akifuta mizani.

"Ni nini hicho, kaka?"

"Unajua ni nini."

"Umekinunua wapi?"

"Kwa serikali. Wananiambia karibu tena."

Dada akaweka kitambaa chini. "Kina kodi?"

"Kubwa. Nusu ya chupa ni yao."

Dada alikaa kwenye kreti. Shemeji alitaka kusema kitu, nikamwonyesha kwa macho anyamaze.

"Nilisikia ulichokisema ukumbini," kaka akasema. "Nilikisikia jioni ile ile, watu walikuja kuniambia. Ulisimama mbele ya watu wote ukasema huwezi kunikanya."

"Samahani, kaka."

"Sitaki samahani. Nimekaa miaka nikisubiri kukuuliza. Ulijuaje kwamba huwezi, wakati hukujaribu? Ulikwenda kuwaambia wageni. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Kila asubuhi ulinipa shikamoo ukanipa chai, nikasema basi hawa hawana neno nami."

Sauti yake haikupanda. Hilo ndilo lililoniumiza. Dada alilia bila kujificha, na shemeji akageukia dirisha.

Kisha dada akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akasimama. Alikuwa mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima.

"Basi nakukanya," akasema. "Unasikia? Nakukanya. Unanitia aibu, unatuumiza, unawafundisha wanangu. Ondoa hicho kitu kwenye meza yangu."

Kaka akauchukua mfuko. Hakuimwaga pombe wala hakuivunja chupa, na nisingependa mtu adhani hivyo. Alitoka nao. Lakini usiku ule alikula nasi, na alipomaliza alimwomba dada amwongezee.

*

Hakuacha mara moja. Sijui kama aliacha. Mwishoni mwa miaka ile alipata kazi ya kuangalia majengo huko Lawrence Heights, kutengeneza mabomba na vipasha joto, akapewa chumba. Jirani yetu wa viko alitozwa faini kwa viko vyake vya mapambo, akahamia katikati ya mji ambako alisema watu wanaelewa, bado akisubiri. Shemeji alibadili duka kuwa mahali pa chakula. Dada alipika wali na samaki, mzee wa Kigoa akashika mahesabu, na chumba cha nyuma kikawekwa meza za familia. Baadhi ya wanaume wa zamani walirudi na wake zao. Faida ilikuwa ndogo, lakini shemeji aliacha kutazama nje kupitia kioo. Nilimsikia siku moja akimuuliza dada kwa nini hakumwambia nyumbani kwanza kabla ya ule mkutano. Dada alisema, "Nyumbani ungeniambia tutaona." Shemeji alikubali kwamba angesema hivyo.

Jumapili mimi na dada tulipanda mabasi mawili kwenda kwa kaka na chakula kwenye vyombo. Dada alianza kugomba akiwa bado mlangoni: mbona umekonda, mbona pazia limefungwa, nani alikuja jana. Shikamoo ilifuata baadaye, akishavua viatu. Kaka aliitikia yote kwa unyenyekevu mmoja. Walikaa wakazungumza habari za nyumbani, nani amezaa, nani amezikwa.

Mimi nilikwenda jikoni kupasha chakula, na wao wakiwa wanazungumza nilifungua jokofu lake taratibu, nikatazama nyuma ya maziwa. Kuna Jumapili nilikuta chupa, na kuna Jumapili sikukuta.